Jani la Sale Nililopokea kwa Mikono Miwili

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama kwenye dirisha la ofisi ya ardhi, pochi kwapani, karani Stanley akipuliza vumbi kwenye faili la nyumba yangu.

Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, namweleza kwa ufupi. Mimi ni mjane wa Machame, miaka sitini na minane. Shemeji zangu walikigawana kihamba cha mume wangu, shamba lake la migomba, kabla sufuria za msiba hazijakauka. Nikaja Arusha, nikauza mitumba soko la Kilombero mpaka magoti yakakataa. Nikauza na kibanda chenyewe, nikanunua nyumba Elerai kutoka kwa kijana wa Kimeru anaitwa Abdiel, mtoto wa marehemu Mzee Eliasi. Nyumba ya vyumba sita. Bati limeoza, na sebuleni walikuwa wakilala mbuzi wa jirani yangu Simel, miaka na miaka.

Abdiel aliniambia baba yake amekufa, mama yake naye amekufa, amebaki yeye. Nilimpa pole. Nikampa na rambirambi juu ya bei ya nyumba. Likumbukeni hilo la rambirambi.

Sasa turudi dirishani.

"Mama," Stanley akasema, "kodi ya kiwanja hiki haijalipwa miaka kumi na minne."

"Ndiyo nimekuja kulipa, mwanangu."

"Kulipa unaweza. Lakini risiti itatoka kwa jina la Eliasi."

"Eliasi amekufa."

"Hapa hajafa. Hapa mtu hafi mpaka watu wake walete barua ya mahakama."

Nikamwangalia. Alikuwa anasema kweli kabisa, wala hakutabasamu.

"Huyo aliyekuuzia," akaendelea, "nani alimteua kuwa msimamizi wa mirathi?"

"Aliteuliwa na shida zake."

Hakucheka. Vijana wa ofisini hawacheki kabla ya saa nne, wanasubiri chai. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto njia ya kwenda dukani. Ukoo unakaa, unaandika muhtasari, mahakama ya mwanzo inamteua msimamizi. Huyo msimamizi ndiye anaweka sahihi, ndipo nyumba inahamia kwangu. Karatasi aliyoniandikia Abdiel, na mashahidi wake wawili waliokunywa soda yangu, ilikuwa karatasi tu.

"Kwa hiyo mimi pale ni nani?"

"Mgeni, mama. Mgeni aliyelipa. Siku akitokea mwenye haki, unatoka na sufuria zako."

"Na huyo mwenye haki kwa kawaida anakuwa nani?"

"Mjane, kama yupo."

"Alishakufa."

"Basi una bahati," akasema, akanigongea mhuri.

Nililipa. Nikatoka na risiti ya marehemu. Nadhani ni mimi peke yangu mjini Arusha niliyemlipia kodi mwanaume nisiyemjua, tena aliye kaburini.

Nikarudi nyumbani kwangu, au tuseme nyumbani kwa Eliasi.

Leo nitakiri kwenu jambo ambalo sijamwambia hata mchungaji. Nyumba ile ilikuwa inanishinda, na tatizo wala halikuwa bati. Mvua za El Niño zilikuwa zinapiga tangu Novemba. Nilikuwa na ndoo vyumba vitatu, na kila ndoo ilikuwa na sauti yake. Nilishazizoea. Siku ndoo ya chumba cha nyuma ilipojaa ikanyamaza, niliinuka nikaenda kuimwaga ili iendelee kuzungumza.

Mwanangu Naftali yuko Dar. Anande ameolewa Mwanza. Niliwaandikia kwamba mama yenu ana vyumba sita, njooni Krismasi. Naftali akajibu kwamba kazi zimembana. Anande akatuma kadi yenye picha ya theluji. Theluji ninayo, nikiamka asubuhi mawingu yakiwa yamefunguka naiona juu ya Meru.

Kuna jambo jingine. Ili wezi wasijue kwamba naishi peke yangu, nilichukua suruali mbili za kiume zilizobaki kwenye mzigo wangu wa mitumba, nikaanza kuzianika uani. Kila asubuhi nazilowesha, nazitundika. Wiki ya kwanza ilikuwa hila. Wiki ya pili nikaanza kuzikunja vizuri. Wiki ya tatu nikajikuta nanung'unika kwamba huyu mwanaume anachafua suruali mno.

Na mbuzi. Simel aliwahamisha wote isipokuwa beberu mmoja mweupe, aliyekataa kuamini kwamba nyumba imeuzwa. Kila jioni alikuja akasimama mlangoni pa sebule, akaniangalia kama mtu anayesubiri mgeni aage.

"Mfukuze," Simel aliniambia.

"Nimfukuze halafu jioni niangaliwe na nani?"

Simel akageuka, akaenda zake. Yeye ni Mwaarusha, mtu wa maneno machache. Jioni ile akaniletea maziwa, akayaacha kizingitini, akaondoka.

Hali ndiyo hiyo. Sasa sikilizeni nilivyojimaliza.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, mvua imepumzika. Mlango ukagongwa. Tangu nihamie, mlango ule haukuwahi kugongwa na mtu aliyesubiri kufunguliwa. Nilikimbia na magoti yangu haya mabovu. Kwa kutozoea, nusura nikimbilie mlango wa uani.

Alikuwa Abdiel. Amevaa koti la kanisani, ameinamisha kichwa. Mkononi ameshika jani la sale, limepigwa fundo.

Msomaji wa Tanga au Lindi, nisikilize. Sale ni mmea wa majani marefu kama panga, tunaupanda mipakani na makaburini. Sisi Wachaga na hawa ndugu zetu Wameru tunashindana kwa mengi, lakini kwa sale hatushindani. Mtu akikukosea akaja na jani la sale lenye fundo, ukilipokea, umemsamehe. Ukishasamehe, kosa lile hulitaji tena, kwake wala kwa mwingine, mpaka unaingia ardhini. Na kulikataa ni jambo ambalo watu wazima wanalisimulia kwa sauti ya chini.

Kwa kawaida anayekuja na sale hutaja kosa kwanza. Wewe unakaa, unasikiliza, unavimba unavyotaka. Hata siku tatu unaweza kuvimba. Ndipo mkono unanyooka.

"Shikamoo, mama yangu," Abdiel akasema.

Mama yangu. Hebu nipeni nafasi nijitetee. Ilikuwa mwezi wa pili bila mtu kuniita hivyo ana kwa ana. Simel ananiita "wewe jirani". Ndoo haziniiti.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, na mikono yangu miwili ikanyooka yenyewe, ikalipokea lile jani.

Ndiyo. Kabla ya kuuliza. Mimi niliyepimana akili na wachuuzi wa Kilombero miaka kumi na moja. Siku ile wangeniletea hata bili ya maji ningeipokea hivyohivyo.

Moyoni nilijua kosa. Nilijua amekuja kwa ajili ya ile karatasi yake, kwamba hakuwa msimamizi. Nikajiambia: huyu amejuta, ataitisha ukoo, ataenda mahakamani, nitapata sahihi yangu. Nikamkaribisha ndani, nikamkalisha kwenye kiti, mimi nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamimina chai.

"Umenisamehe, mama?"

"Si nimelipokea?"

"Yote?"

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Lakini nilikuwa nakoroga sukari, nimefurahi kusikia kijiko kikigonga kikombe cha pili.

"Sale halina nusu, mwanangu. Kunywa chai."

Akanywa. Akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua gunia.

"Mama yangu hajafa," akasema.

Kijiko kikasimama.

"Nani hajafa?"

"Mama mzazi. Bi Agnela. Yuko Kikatiti, kwenye shamba. Macho ndiyo yamepungua, ana mtoto wa jicho. Lakini hajafa."

Nikalivuta bakuli la sukari upande wangu.

"Basi nirudishie rambirambi yangu."

"Mama..."

"Nilikupa na kanga ya msiba wake, umesahau? Umempa nani?"

"Aliipenda," akasema. "Anaivaa kanisani."

Wasomaji wangu, nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga na birika, na sikuweza lolote kati ya hayo kwa sababu lile jani lilikuwa mezani baina yetu, limenyamaza na fundo lake.

"Haya, endelea," nikasema. "Maana naona hujamaliza."

Hakuwa amemaliza. Aliuza nyumba ili anunue pikapu ya kubebea nyanya, kama kila kijana wa siku hizi anayetaka kuwa mfanyabiashara kabla ya kuota ndevu. Mama yake hakujua. Alipouliza habari za nyumba ya mjini, Abdiel akamjibu kwamba ameweka mtu wa kuitunza.

"Mtu gani?"

Akatazama chini.

"Mtu gani, Abdiel?"

"Msichana wa kazi."

Nikageuka kuangalia nyuma yangu, nikidhani labda yupo.

"Huyo msichana wa kazi ana umri gani?"

"Sikumtajia umri."

"Umefanya vizuri."

"Mama, mvua hizi zimeangusha ukuta wa jiko lake. Amesema hakai tena Kikatiti. Amesema ana nyumba yake mjini, aliyojenga na mume wake, anakwenda kukaa kwake. Nimejaribu kumzuia wiki mbili."

"Na anakuja lini?"

Abdiel akaweka kikombe chini kwa adabu sana.

"Yuko kwenye pikapu. Pale konani. Tangu kabla sijabisha hodi."

Sasa mnauona mtego ulivyokaa. Mjane yupo. Mwenye haki aliyetajwa na Stanley yupo, mita hamsini kutoka kwenye ndoo niliyoikalia. Sahihi ninayoitafuta iko kwenye mkono wake, na yeye ndiye anayeweza kunitoa na sufuria zangu. Ningeweza kumwambia: mama, mwanao aliniuzia, nimelipa, nimelipa hadi kodi ya mumeo, tuelewane. Lakini ningemwambiaje bila kulitaja kosa? Na kosa nilishalisamehe, lote, kwa mikono miwili, kabla sijalijua.

Kijana aliniomba msamaha kwanza, halafu ndiyo anakwenda kunikosea. Kama angekuwa mwanangu ningejivunia akili yake.

"Nenda kamlete," nikasema. "Asikae kwenye unyevu."

Alikuja akiwa ameshikwa mkono, mama mrefu aliyekauka, ana miaka sabini na kitu, kanga yangu begani. Kweli ilimpendeza. Njia ya kuja mlangoni inapita chini ya kamba ya nguo, na suruali moja iliyolowa ikampiga usoni. Akasimama. Akaipapasa kuanzia kiunoni mpaka mguuni.

"Hii ni ya nani?"

Abdiel akanitazama. Mimi nikatazama suruali.

"Ya mtu wa humu, mama," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye msichana wa kazi?"

Nyumba yangu ile. Kibanda changu chote cha Kilombero kiko ndani ya kuta zile, na magoti yangu, na miaka yangu yote ya kuamka alfajiri.

"Ndiyo, mama," nikajibu.

"Sauti yako imekomaa."

"Ni mafua. Mvua hizi."

"Na umeshaleta mwanaume."

"Ametulia huyu, mama. Haongei."

"Hao ndio wabaya," akasema, akaingia ndani.

Alitembea kwa kugusa ukuta. Hakugonga kitu hata kimoja. Alijua mlango uko wapi, dirisha liko wapi, ngazi ya jikoni ina hatua ngapi. Mimi nilikuwa nimejikwaa kwenye ngazi ile kila siku tangu nihamie. Nikamfuata nyuma, na kwa mara ya kwanza nikahisi mwenyewe kwamba mimi ni mgeni mle ndani, bila kuambiwa na Stanley.

"Panavuja hapa," akasema chini ya dari la chumba cha nyuma.

"Ndiyo, mama."

"Eliasi alisema pasingevuja. Tuligombana siku nzima kwa ajili ya kona hii." Akatega sikio kwenye ndoo. Tone likadondoka. Akatabasamu peke yake. "Nilimwambia."

Akageuka. "Mshahara wako unaupata?"

"Mshahara?"

"Kila mwezi natoa mkungu mzima wa ndizi, Abdiel anakuletea. Zinafika?"

Nikamwangalia Abdiel. Shingo yake ilikuwa imetoa jasho. Na mimi mkungu wa ndizi sijauona mlangoni kwangu tangu nitoke Machame.

"Zinafika, mama," nikasema. "Tamu kweli."

"Vizuri. Nimeleta kitanda changu. Abdiel, kateremshe. Nitalala chumba kile cha mbele, na wewe msichana ulale cha pili, ili nikikohoa usikie."

Hapa ndipo pa kukiri, wasomaji, na mtanisamehe au mtaninyima. Aliposema vile sikuwaza hati. Sikuwaza sahihi. Niliwaza kwamba kuna mtu atakohoa. Kuna mtu atakohoa chumba cha mbele, na mimi nitaamka, nitauliza, "Unataka maji?" na kutakuwa na jibu. Kwa ajili ya kikohozi hicho nilikuwa tayari kuwa msichana wa kazi kwenye nyumba yangu mpaka kufa.

Nikasema, "Sawa, mama."

Mambo yangeishia pale. Ningekuwa bado naosha vyombo vya Bi Agnela mpaka leo, na ninyi msingekuwa na hadithi.

Lakini alikwenda kukaa mezani. Akapapasa akitafuta pa kuweka mkono. Vidole vyake vikagusa kikombe, vikagusa birika, vikagusa jani.

Vikasimama pale.

Akaliinua. Akalipapasa fundo, taratibu, kama mtu anayehesabu shanga. Akateremka kwenye ncha ya jani, na kidole gumba kikatulia. Ncha ilikuwa imekatwa, imenyooka kama imepitiwa na mkasi.

"Abdiel," akaita.

Abdiel alikuwa mlangoni, kichwa cha kitanda begani.

"Naam, mama."

"Sale hili umelitoa wapi?"

"Njiani, mama."

"Njiani." Akalinusa. "Masale ya kaburi la baba yako nayapunguza ncha mimi mwenyewe kila Pasaka, yasiufunike msalaba. Wengine wote huyaacha yakue. Hili ni la kwake."

Kitanda kikateremshwa chini polepole. Beberu mweupe alikuwa amekuja kusimama mlangoni, mapema kuliko kawaida yake, akatuangalia mmoja mmoja.

"Mtu hakati sale kaburini kwa baba yake kwa jambo dogo," Bi Agnela akasema. "Mimi amenikosea mara nyingi, hajawahi kuniletea hata la mpakani. Wewe msichana wa kazi, alikukosea nini mwanangu?"

Abdiel akanikazia macho. Midomo yake ikatengeneza neno bila sauti: umepokea.

"Siwezi kusema, mama," nikajibu. "Nimelipokea."

"Naona. Umelipokea kabla hujaambiwa, maana sauti yako bado ina hasira." Akalizungusha lile jani. "Hilo halikuwa sale la haki. Mimi ni mama yake, naweza kulirudisha lianze upya."

Akanyoosha mkono wake mkavu kuelekea upande nilipokuwa, jani limelala juu ya kiganja.

"Hapa. Sasa unajua unachosamehe. Ukilichukua tena mbele yangu, sitakuuliza maisha yangu yote, na chumba cha pili ni chako. Usipolichukua, utaniambia leo, hapa mezani, wewe ni nani katika nyumba ya Eliasi."

Nyuma yake Abdiel alikuwa akinisihi kwa kichwa nilichukue, chozi limemsimama. Kwenye chumba cha nyuma tone likadondoka kwenye ndoo. Bi Agnela akakohoa, kikohozi kidogo, kile hasa nilichokuwa nakisubiri.

Mara ya kwanza nililipokea kwa mikono miwili bila kuuliza. Safari hii nilijua kosa lote, kuanzia msingi mpaka bati. Nikaitazama mikono yangu, nikaisubiri inyooke yenyewe kama ilivyofanya asubuhi, nayo ikabaki imeikamata kanga niliyojifunga. Jani sikulichukua.